Kwa nini njia ya tatu haimei Muhoroni

Msimu wa kampeni ukifika huku Muhoroni, hili swali halikosi, iwe ni stendi ama kwenye mizani ya miwa: kwani lazima tuchague kati ya hawa wawili tu? Na jibu huwa lile lile: "Utapoteza kura yako." Hebu leo tufuatilie hilo jibu lilitoka wapi. Majina ya watu na vyama tunayaacha nje kama kawaida.

Muhoroni iko mpakani. Ukipanda kidogo uko Kericho, ukigeukia upande mwingine uko Nandi. Wakulima wa pande zote hupeleka miwa kwa viwanda hivi hivi. Kiwanda cha Muhoroni kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2001 kwa sababu ya madeni, aliyeumia Koru na aliyeumia Tinderet walikuwa na shida moja. Kama kuna mahali chama cha katikati, cha "tuongee malipo ya miwa kwanza", kingefaa kuota mizizi, ni hapa.

Lakini angalia. 2007 pande hizi mbili za mpaka zilimpigia kwa wingi mgombea mmoja wa urais. 2013 zikaachana. Shida ya miwa ilikuwa ile ile, ni muungano uliobadilika.

Hofu yenyewe ni ya zamani. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, mwaka uliofuata upinzani ukaingia uchaguzini vipande vipande, na rais akarudi na takriban asilimia 36. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimkataa, ila hawakukubaliana wanamtaka nani. Tangu hapo "kugawanya kura" ikawa dhambi. Na huku kwetu kulikuwa na jambo zito zaidi: mapigano yaliyoanza shamba la Miteitei, ng'ambo tu ya mpaka, Oktoba 1991. Mtu aliyehama usiku na watoto hatafuti sera, anatafuta kambi yenye watu wengi. Mimi siwezi kumlaumu.

Halafu ikaja katiba ya 2010: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. La sivyo, wawili wa kwanza warudiane ndani ya siku 30. Kwa karatasi hii ni zawadi kwa chama cha tatu, si ndiyo? Raundi ya kwanza unafuata moyo, ya pili unafuata akili. Ufaransa wana raundi mbili, na 2017 mgombea wa katikati alichukua urais na chama chenye umri wa mwaka mmoja hivi.

Kwetu sheria hiyo ikafanya kinyume. Kila kambi ikaanza kuimba "tunamaliza raundi ya kwanza". 2013 mshindi aliyetangazwa alivuka nusu kwa kura kama 8,400 tu, na aliyekuwa wa tatu alikuwa na zaidi ya 480,000. Baada ya hapo nani angekuacha upige kura ya moyo kwa amani? 2022 wagombea wawili waliobaki nje ya kambi kubwa hawakufikisha hata asilimia 1 wakijumlishwa.

Wa tatu naye hupata nini? 2007 alipata karibu asilimia 9, na Januari 2008 akawa makamu wa rais. Enyewe hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mpiga kura alipigia sera, kiongozi akaenda mezani na idadi.

Ila kuna kitu watu husahau. Hiyo sheria ya nusu ni ya urais peke yake. Mbunge na diwani hushinda kwa kuongoza tu, na tangu 2010 mgombea huru anaruhusiwa. Na vyama vikiungana, sheria ya vyama ya 2011 inataka mkataba wao uwekwe kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Kwa hivyo wakija tena Muhoroni na muungano mpya, waulizwe pale pale jukwaani: malipo ya miwa yako ukurasa wa ngapi?