Daraja 360 za Buruji: Kipimo Kilichogeuzwa Kuwa Ubashiri

Unajimu wa magazetini na redioni, ule uliomfanya Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, kuwa jina la kila nyumba Afrika Mashariki, huwagawa watu katika buruji 12, tangu Punda hadi Samaki. Wapo wanajimu wasioridhika na mgawo huo mpana. Wao huikata kila buruji vipande 30 viitwavyo daraja, kisha hukipa kila kipande picha yake na maana yake, hata zikapatikana maana 360. Mtu aliyezaliwa jua likiwa katika daraja fulani huambiwa kwamba picha ya daraja hiyo ni muhtasari wa maisha yake. Makala hii inadai kwamba katika jambo hili hesabu ilitangulia na maana ikafuata: daraja ilibuniwa iwe kipimo, na ilipogeuzwa kuwa ishara ilikosa kitu cha kuisahihisha. Dai hili nalipima nikiitazama Merigi, wadi ya Bomet Mashariki katika nyanda za chai, kwa sababu mbili. Merigi iko kusini mwa Ikweta kwa masafa yasiyofika nyuzi moja, mahali ambapo misimu haifuati mpango wa nchi zilikozaliwa buruji. Tena wenyeji wake, Wakipsigis, ni wa jamii ya Kalenjin, ambayo ina desturi yake ya kuzitazama nyota kwa manufaa ya shamba.

Tuanze na idadi yenyewe, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba 360 ni siri ya mbingu. Makarani wa Babeli walitumia mwaka wa kihesabu wenye miezi 12 ya siku 30, na hisabati yao ilisimama juu ya 60. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo waliigawa njia ya jua sehemu 12 zilizo sawa, ilhali makundi ya nyota yaliyozipa majina hayalingani hata kidogo: Mashuke limetanda sana, Kaa ni finyu. Waliofanya hivyo walijua kwamba wanaweka rula juu ya mbingu ili waandike mahali pa sayari kwa usahihi. Misri nayo ilikuwa na mgawo wake: makundi 36 ya nyota, kila moja likishika zamu ya siku 10 na kuwasaidia makuhani kujua saa za usiku, na siku 5 za nyongeza zikiukamilisha mwaka. Wagiriki walipoitawala Misri mikondo hii miwili ilikutana, na kila buruji ikapata sehemu tatu za daraja 10. Hadi hapo tunaona kazi ya watunza kalenda. Walichagua 360 kwa sababu inagawanyika kwa urahisi na inakaribia siku za mwaka. Hawakuipokea kwa sababu mbingu ina vyumba 360.

Kilichoisukuma daraja kutoka kwenye hesabu hadi kwenye ubashiri, kwa maoni yangu, ni swali lililowasumbua wanajimu tangu zamani: mbona mapacha waliozaliwa chini ya nyota zile zile huishi maisha tofauti? Inasimuliwa kwamba Nigidius Figulus, Mroma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alilijibu kwa gurudumu la mfinyanzi. Alilizungusha kwa nguvu, akalitia alama mbili kwa haraka, na liliposimama alama zilionekana mbali mbali. Alitaka kuonyesha kwamba mbingu huenda kasi mno, hata muda mfupi kati ya pacha na pacha unatosha kubadili kila kitu. Jibu hilo lina gharama. Ikiwa mbingu yote huzunguka kwa saa 24, daraja moja huchomoza upeo wa mashariki kwa takriban dakika nne, na kila daraja sasa inadaiwa iwe na la kusema. Katika karne ya 4 Paulus wa Alexandria aliikabidhi kila daraja kwa sayari kwa zamu, na Firmicus Maternus alizipitia daraja akitangaza hatima ya anayezaliwa katika kila moja. Mwaka 1488, mjini Augsburg, kikachapishwa kitabu cha Johannes Engel chenye picha 360, kila daraja na mchoro wake. Nafasi zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzijaza.

Namna zilivyojazwa ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1898 kilichapishwa Uingereza kitabu kilichokuwa na maono ya mwonaji aliyejiita Charubel kuhusu daraja zote, na pamoja nayo orodha nyingine ya namna hiyo hiyo iliyotafsiriwa na Sepharial. Orodha hizo mbili, ndani ya jalada moja, hazina picha zinazolingana. Mwaka 1925, katika bustani ya Balboa mjini San Diego, Marekani, mnajimu Marc Edmund Jones alimwonyesha mwaguzi Elsie Wheeler kadi 360 zilizochanganywa bila mpangilio, naye akataja picha iliyomjia kwa kila kadi. Kazi hiyo ilimalizika kwa siku moja. Kutoka hapo zilitokea alama zinazoitwa za Kisabia, ambazo Jones alizitolea kitabu mwaka 1953 na Dane Rudhyar akazifasiri upya mwaka 1973. Ya kwanza kabisa, daraja ya kwanza ya Punda, ni mwanamke aliyetoka baharini huku sili akimkumbatia. Picha hiyo yafaa kwa mwambao wa California, wenye sili. Kama maana ingekuwa ndani ya daraja yenyewe, Charubel, mwandishi wa orodha aliyoitafsiri Sepharial, na Wheeler wangeikuta ile ile, au angalau zinazofanana. Kila mmoja alikuta yaliyokuwa katika mazingira na fikra zake.

Sasa tulinganishe na Afrika Mashariki. Waswahili wa pwani walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, ambao kumbukumbu yake bado huadhimishwa Makunduchi, Unguja, katika Mwaka Kogwa. Mwaka huo uligawanywa miongo 36 ya siku 10 kila mmoja, na siku 5 za ziada, hesabu ile ile ya Misri. Kwa miongo, mkulima alijua wakati wa kupanda na nahodha alijua upepo utageuka lini. Sidai kwamba kalenda hiyo haikuwa na ubashiri. Mwaka ulipewa jina la siku ya juma uliyoanzia, na wengi waliamini kwamba siku hiyo huubeba mwaka mzima. Hata hivyo mwongo wenyewe ulibaki chini ya usimamizi wa mvua na pepo. Bara nako A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ndugu wa lugha wa Wakipsigis, aliandika kwamba waliitazama Koremerik, yaani Kilimia, ili kujua kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Wazo hilo laweza kuwa sahihi au kosa, lakini lina sifa moja ambayo alama za daraja hazina: mavuno yakifika, kila mtu ataona. Nyota iliyofungwa na shamba huhukumiwa na shamba.

Merigi inatupa kipimo kingine. Ptolemy, katika karne ya 2, alieleza tabia za buruji kwa misimu: Punda huanza pale jua linapovuka Ikweta mwezi Machi, nchi za Mediterania zikiingia majira ya kuchipua, na Kaa inaanza kwenye kilele cha jua la kaskazini. Mantiki hiyo ina maana kule Alexandria. Merigi mwezi Machi jua huwa karibu na utosi, na kinachosubiriwa ni masika. Juni, mwezi ambao Kaa huanza, ni miongoni mwa miezi ya baridi katika nyanda hizi. Mchai hauchipui mara moja tu kwa mwaka. Majani mawili na kichipukizi chake huchumwa mwaka mzima. Basi ikiwa daraja ya kwanza ya Punda ni mwanzo wa uhai kwa sababu ya msimu, haiwezi kuwa hivyo Bomet. Mnajimu akikimbilia nyota badala ya misimu, anakutana na tatizo la pili: mhimili wa dunia huyumba polepole, na nukta ya Machi hurudi nyuma daraja moja kila miaka 72 hivi. Leo imefika kwenye nyota za Samaki, na pengo kati ya buruji za msimu na buruji za nyota ni daraja 24 hivi. Mtoto mmoja wa Merigi ana picha mbili zinazopingana, kwa kutegemea mnajimu aliyeulizwa.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili heshima. La kwanza ni la Rudhyar na wafuasi wake: alama hazitabiri tukio, zinamsaidia mtu kuitafakari nafsi yake. Nakubali kwamba picha yaweza kuamsha fikra, kama methali inavyofanya. Lakini faida hiyo ingepatikana hata kwa kuokota kadi kwa bahati, na hapo tarehe ya kuzaliwa haina kazi tena. Wanaoishikilia tarehe wanadai zaidi ya tafakuri, na dai hilo ndilo linalohitaji ushahidi. Pingamizi la pili ni kwamba kuukosoa unajimu ni kuendeleza dharau ya kikoloni dhidi ya elimu ya wazee. Historia niliyoieleza inaonyesha kinyume. Picha 360 zinazouzwa leo zilitoka San Diego na London. Hazikutoka kwa wazee wa Bomet wala kwa wanafalaki wa Lamu. Anayezipokea kama urithi wake anaiacha elimu iliyokuwa yake.

Heshima ya kweli kwa elimu ya wazee ni kuipima. Kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, Kericho, huweka kumbukumbu za mvua na joto. Watafiti wa utamaduni wangeweza kukusanya kwa wazee wa Kipsigis waliyoyajua kuhusu nyota na majira, kisha wayaweke kando ya kumbukumbu hizo ili ijulikane lipi lilishika na lipi halikushika. Kazi hiyo haiwezekani kwa alama za daraja, kwa kuwa hazikusema lolote ambalo mvua au mavuno yangeweza kulikanusha. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mahali pake ni katika somo la historia ya fikra, ambako zinafundisha mengi kuhusu binadamu na hamu yake ya kutoiacha nafasi yoyote tupu. Anayemshauri kijana wa Merigi kuhusu ndoa, kazi au shamba hana haki ya kuzitumia kama ushahidi.