Bibi Harusi Mwenye Kisasi: Usawiri wa Mwanamke Mwangamizi katika Filamu ya Truffaut

Wahakiki wa filamu za taharuki za Kifaransa aghalabu humweka Julie Kohler, mhusika mkuu wa La Mariée était en noir (1968) ya François Truffaut, katika kundi la wanawake waangamizi, yaani wale ambao uzuri wao ni chambo cha kumnasa mwanamume. Makala haya yanashikilia kwamba uainishaji huo unapotosha.

Julie, anayeigizwa na Jeanne Moreau, anafiwa na mumewe kwenye ngazi za kanisa mara tu baada ya kufunga ndoa. Wanaume watano, wenzi wa uwindaji na anasa, walikuwa katika jengo la mkabala wakichezea bunduki yenye risasi. Julie anawasaka mmoja baada ya mwingine. Tumlinganishe na Nicole wa Les Diaboliques (1955) ya Henri-Georges Clouzot, anayekula njama kwa ajili ya mali na hawara. Julie hana cha kuvuna. Hata mwalimu asiye na hatia anaposhukiwa badala yake, yeye mwenyewe anawapigia polisi simu ili kumwokoa.

Je, uangamizi huo unatoka wapi? Unatoka machoni mwa wanaume wenyewe. Coral, kapera mpweke, anamwona kuwa mapenzi aliyoyaota. Fergus, mchoraji, anamgeuza Diana, mungu-mke wa uwindaji, na kumkabidhi upinde na mshale utakaomuua. Kejeli iliyoje! Wawindaji wanawindwa kwa silaha waliyoitoa wao.

Filamu hii ilitokana na riwaya ya Mmarekani Cornell Woolrich ya mwaka 1940. Humo, Julie hatimaye anaelezwa kuwa aliowaua hawakuhusika na kifo cha mumewe. Truffaut aliuondoa ufichuzi huo. Wapo watakaosema kwamba aliudhoofisha msuko; kwa maoni yetu, alilitatiza zaidi suala la haki. Wanaume wake wana hatia, lakini ni hatia ya uzembe, kisha ya kutoroka na kunyamaza. Je, uzembe hulipwa kwa kifo? Julie halijiulizi swali hilo, nayo filamu hailijibu kwa niaba yake. Anahudhuria mazishi ya Fergus ili akamatwe makusudi, kwani mwanamume wa mwisho yumo gerezani. Anapomfikia huko akigawa chakula, kamera inabaki ukumbini. Hatuoni tendo lenyewe. Tunasikia ukemi, kisha muziki wa harusi.