Tangazo la Mfalme na Sheria ya Bunge

Katika karne ya 16 wafalme wa Uingereza walitawala kwa amri za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria, ambayo haikukamilika mpaka ikubaliwe na Mabwana na Makabwela bungeni. Ya pili ilikuwa tangazo, ambalo mfalme alilitoa baada ya kushauriana na baraza lake tu. Bunge la siku hizo liliitwa mfalme alipotaka, hasa alipohitaji fedha, na kati ya kikao na kikao iliweza kupita miaka. Tauni na njaa hazikungoja kikao, kwa hiyo matangazo yakazoeleka, na mpaka kati yake na sheria ukafifia.

Mwaka 1539 Bunge la Henry VIII likapitisha sheria kwamba matangazo ya mfalme yatiiwe kana kwamba yametungwa na Bunge lenyewe. Wako wanaoona humo njama ya udikteta. Wengine husema serikali ilitaka tu desturi ya zamani iwe na nguvu mahakamani, na hoja yao ina uzito zaidi, kwani sheria hiyo hiyo ilizuia tangazo kumnyima mtu uhai au mali yake. Vyovyote iwavyo, ilifutwa mwaka 1547, mwaka ule ule aliofariki Henry.

Mgogoro ukarudi wakati wa James I. Mwaka 1610 Makabwela walilalamika kwamba matangazo yake yanavuka mipaka, na mawili yakafikishwa kwa Jaji Edward Coke. Moja lilikataza ujenzi wa nyumba mpya London na viungani mwake. Jingine lilikataza kutengeneza dondo kwa ngano. Wakubwa wa zama zile walivaa kola pana za marinda ambazo bila dondo hazisimami, na ngano ni chakula, hivyo si ajabu mfalme kukereka. Coke alitakiwa kujibu papo hapo, akaomba kwanza akutane na majaji wenzake. Jibu lao likawa kwamba mfalme hawezi, kwa tangazo tu, kufanya kosa jambo ambalo halikuwa kosa. Habari hii tunaipata kwa kalamu ya Coke mwenyewe, basi ushujaa wake tuupokee kwa tahadhari. Ila kanuni yenyewe ilidumu.

Ilidumu Uingereza kwenyewe, si katika kila nchi iliyokuwa chini ya mfalme. Mwaka 1920 Tanganyika iliwekewa mfumo wa utawala kwa amri ya mfalme na baraza lake, na gavana akapewa uwezo wa kutunga sheria. Hazikuitwa Act, jina la sheria za Bunge, ziliitwa Ordinance. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926 tu, kwa hiyo Land Ordinance ya mwaka 1923, iliyoweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana, haikupita mbele yake. Pamoja na marekebisho, iliendelea kutumika hata baada ya uhuru, hadi nafasi yake ilipochukuliwa na Sheria ya Ardhi iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 1999.