Shangazi, pete na jiwe liitwalo malaya

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nina kesi ya kifamilia, na ndani yake kuna historia ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Nilipopata hela yangu ya kwanza ya maana katika kazi hii ya kalamu, nilimnunulia shangazi yangu wa Bungu pete ya fedha. Katikati kuna jiwe moja, rangi yake kama nyama ya papai lililoiva. Akaniuliza, "Mwanangu, hili jiwe linaitwaje?" Nikajibu, "Ni ganeti, shangazi," nikanyamaza hapo hapo. Sikusema uongo. Ila ukweli wote sikuutoa, na nilijua kwa nini.

Akashuka Tanga, sonara mmoja akamalizia kazi: "Mama, hii ni malaya." Pete ikavuliwa papo hapo, ikafungwa kwenye pindo la khanga, nami nikapigiwa simu. Jamani, simu ile! Mama mtu mzima, anayeheshimika kijiji kizima, avae malaya kidoleni?

Basi ikabidi nimsimulie.

Mto Umba unaanzia juu Usambara, kwenye msitu wa Shagayu, unashuka nyikani, unakatiza Kenya na kuingia baharini karibu na Vanga. Huko nyikani, pande za Kalalani (wilaya ile ile ya Korogwe iliyo na Bungu yetu), vito vilianza kuchimbwa miaka ya 1960: yakuti za rangi nyingi, tomalini za kijani, na ganeti ya zambarau iendayo kwenye wekundu, iitwayo rodolaiti. Wanunuzi walitaka rodolaiti. Wakati wa kuchambua, yakawa yanajitokeza mawe ya rangi ya chungwa na waridi ambayo hayakuingia fungu lolote. Yakawekwa kando. Inasimuliwa kwamba ndipo yakaitwa malaya, yaani yasiyo na kwao.

Baadaye maabara ziliyapima zikakuta ni ganeti halali kabisa, mchanganyiko wa paropu na spesatini. Tatizo lilikuwa kwenye mafungu ya wachambuzi. Mawe yale yale yaliyotupwa kando yakaanza kutafutwa na wakusanyaji wa vito ughaibuni, lakini jina likawa limeshakauka.

Sasa linganisha na wenzake. Jiwe la bluu la Merelani lilijulikana mwaka 1967, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la tanzanite. Mwaka huo huo wa 1967 Campbell Bridges alikuta ganeti ya kijani hapa hapa Tanzania, kisha akaipata tena Kenya. Tiffany wakaitangaza mwaka 1974 kama tsavorite, kwa heshima ya Tsavo. (Jiwe lionekane kwetu, jina liende mbugani kwa jirani! Tuyaache.) Hata Usambara ina sifa yake kwenye vitabu vya sayansi. Mwaka 1997 Halvorsen na Jensen waliandika kuhusu tomalini za Umba ambazo zikiwa nyembamba ni kijani, lakini ukiweka moja juu ya nyingine mwanga ukapita zote mbili, unaona nyekundu. Hiyo inaitwa athari ya Usambara.

Kwa hiyo New York ilitoa majina ya nchi na mbuga. Neno letu la Kiswahili lililosafiri hadi kwenye maduka ya vito ya dunia ni tusi la mwanamke. Baadhi ya wafanyabiashara, walipoambiwa maana yake, wakaanza kuandika malaia. Kana kwamba kubadili herufi moja kunamsitiri mtu.

Na kinachonichekesha ni hiki. Tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, zikapikwa kwa moto ndipo bluu ikatoka. Yakuti nazo hupikwa mno. Ganeti hii kwa kawaida huuzwa ilivyochimbwa, ikikatwa na kung'arishwa tu. Aliyeitwa malaya ndiye asiyejipodoa.

Wewe unayetaka kununua, muulize sonara bila aibu: limepikwa? Litazame dirishani, kisha chini ya taa ya ndani, maana baadhi ya ganeti za Umba hubadilika rangi. Kwenye risiti aandike aina ya jiwe na linakotoka. Nyumbani usilichanganye na vito vingine kwenye kikopo kimoja. Yakuti ina ugumu wa 9 kwa kipimo cha Mohs, ganeti kama 7 hivi, tanzanite hushuka hadi 6; aliye mgumu humkwaruza mwenzake. Hata vumbi la barabarani lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo suuza kwanza, ndipo ufute.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: "Waliolipa jina hilo walikuwa wanaume, siyo?" Nikasema sina orodha yao. Akaguna.

Pasaka nilipopanda Bungu nilimkuta uani na bakuli la maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande na mswaki laini, anasugua nyuma ya jiwe, pale mafuta ya ngozi yanapoganda. Majirani wakimuuliza ni jiwe gani, anawaambia ni la Umba.