Raia ni shamba la mwanajeshi: utani uliotugharimu

Wazee wetu walioishi wakati wa Mobutu wanakumbuka neno moja la wanajeshi, kwa Lingala: «Civil azali bilanga ya militaire.» Yaani, raia ni shamba la mwanajeshi. Askari walilisema wakicheka.

Kicheko hicho kilitoka kwenye njaa. Mshahara ulikuwa mdogo, ulichelewa, na mara nyingi wakubwa waliula kabla haujamfikia askari. Septemba 1991 wanajeshi walipora Kinshasa, na uporaji ukaenea katika miji mingine. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakazikataa, nao wakapora tena.

Kisha vita vikaja. Bukavu ilianguka mwisho wa Oktoba 1996, Goma mwanzo wa Novemba, Kisangani Machi 1997. Askari wengi hawakupigana. Walikimbia kuelekea magharibi, wakipora mali ya watu njiani. Jeshi lililozoea kuvuna kwa raia halikuweza kumlinda. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ikachukuliwa.

Askari popote hutania kifo ili woga usiwashinde. Utani wa namna hiyo tunauelewa. Lakini huu haukucheka kifo wala adui. Ulimcheka mama anayelima. Familia zilizo leo katika kambi za wakimbizi wa ndani, zilizoacha mihogo na maharagwe shambani, zinajua uzito wake. Mtoto akilirudia neno hilo kwa mchezo, tusicheke tu. Tumweleze lilikotoka.