Habari za Bwana Mel na Mtambo wa Karata

Wasomaji watuwie radhi kwa kutia katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi habari zisizo na shamba wala ghala ndani yake. Tangu hesabu za umoja wetu zianze kutunzwa kwa kompyuta, makarani wetu husimuliana habari za Bwana Mel wa Marekani, nasi twaona inafaa wanachama nao wazisikie.

Bwana Mel alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya Royal McBee, iliyouza mtambo uitwao LGP-30, uliotokea mwaka 1956. Kumbukumbu ya mtambo huo ilikuwa ngoma ya sumaku yenye nafasi 4096, izungukayo bila kupumzika. Amri ikiisha kupita kichwa cha kusomea, hapana budi kungoja ngoma izunguke tena. Ulipokuja mtambo mpya, RPC-4000, palikuwa na programu ya kuzipanga amri hizo, Mel akaikataa. Alizipanga mwenyewe kwa tarakimu tupu, kila moja ifike chini ya kichwa wakati ule ule inapotakiwa.

Basi alitakiwa kuuhamishia mtambo mpya mchezo wake wa karata, blackjack, uliowavutia sana wanunuzi katika maonyesho. Wauzaji wakataka iwekwe swichi, mnunuzi akishindwa mno wampe ushindi kwa siri. Mel akakataa, akisema huo ni udanganyifu. (Mizani yenye hila humpendeza mtu siku ile tu inapomwelemea yeye.) Alipobanwa sana na wakubwa akakubali, lakini aliandika jaribio la swichi kinyume: ikiwashwa, mtambo ndio ulioiba na kushinda kila mara! Mel akafurahi mno, akasema dhamiri yake imekataa kutawaliwa, wala hakukubali kusahihisha.

Akaondoka kazini. Mwenzake Ed Nather, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu wa nyota katika Chuo Kikuu cha Texas, akaagizwa alitafute jaribio lile na kuligeuza. Ndiye aliyeandika kisa hiki mwaka 1983. Anasimulia kwamba alikuta mahali amri zinajirudia pasipo mlango wa kutokea, na bado mtambo ulitoka salama. Wiki mbili alitafuta sababu. Kumbe hesabu ya nafasi ilipojaa ilimwagikia tarakimu za jirani, kama 999 iongezwapo moja, na amri yenyewe ikageuka kuwa amri ya kurukia nafasi ya kwanza, ambako kazi iliyofuata ilikuwa ikingoja.

Makarani wetu humsifu Mel bila kiasi. Sisi twamsifu kwa kuchukia hila. Bali daftari la madeni ya wanachama tusingemkabidhi, kwa kuwa karani wa pili angehitaji wiki mbili kuusoma ukurasa mmoja, na wakulima wangali mlangoni wakingoja malipo yao.

Nather hakuligusa jaribio lile. Alimwambia mkubwa wake kwamba ametafuta na hakuliona.