Baada ya mauaji, raia aulize: somo la Beni kwa Maniema ya kusini

Shambulio likiisha na wafu wakizikwa, kazi ya raia ndiyo inaanza. Wakaaji wa Beni, Kivu ya Kaskazini, wamejifunza hilo kwa machozi. Huku kwetu, kutoka Kasongo hadi Lusangi na Kabambare, habari ya Beni si habari ya mbali. Salamabila iliona wafanyakazi wa mgodi wa Namoya wakitekwa na wenye silaha Machi 2017, tena Julai 2019. Kila mara watu wanauliza: nani alipaswa kutulinda, na nani atajibu?

Tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou Ndala aliuawa kwa kuviziwa Ngadi, karibu na Beni. Alikuwa mmoja wa makamanda waliowashinda M23, na watu walimpenda sana. Julai 2013 wakaaji wa Goma waliandamana waliposikia kwamba anaitwa Kinshasa. Alipokufa, jibu la kwanza la serkali lilikuwa moja: ni waasi wa ADF. Raia hawakutosheka. Walitaka kujua nani aliyetoa habari za safari yake. Kesi ikafunguliwa, na Novemba 2014 korti ya kijeshi ikamhukumu Luteni Kanali Birocho Nzanzu Kossi adhabu ya kifo kwa ugaidi. Korti iliona kwamba ofisa wa jeshi alishirikiana na adui. Bila kesi, ukweli huo ungezikwa pamoja na Kanali.

Wakati kesi hiyo inaendelea, Oktoba 2014, mauaji ya raia kwa mapanga na mashoka yalianza kuzunguka Beni. Hofu ikazaa hasira, na hasira ikakosa njia. Tarehe 31 Oktoba, kundi la watu lilimpiga mawe na kumchoma kijana mmoja mjini. Sababu? Hakujua Kiswahili cha kule, na alikuwa na panga. Hakuna aliyemfikisha mbele ya hakimu, na mpaka kesho hakuna atakayejua kama alikuwa muuaji au msafiri. Raia anayeua mshukiwa anaua na shahidi pia.

Agosti 2016, watu karibu 50 waliuawa Rwangoma, ndani ya mji wenyewe. Serkali ilitangaza siku tatu za kilio. Wakaaji waliingia barabarani kuuliza namna gani wauaji walipita katikati ya askari jeshi wengi vile. Swali hilo wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao walikuwa wakilifuata. Tarehe 1 Februari 2018 Baraza la Usalama lilimwekea vikwazo Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyeongoza operesheni Sukola 1 kule Beni, likimtuhumu kusaidia kundi lililoshiriki mauaji. Yeye alikana. Vikwazo si hukumu ya korti, lakini vilionyesha kwamba wakaaji hawakuwa wajinga kuuliza.

Novemba 2019, jeshi lilipoanza mapigano mapya, ADF walilipiza kisasi kwa raia. Tarehe 25, vijana walichoma sehemu ya ofisi ya meya na kuingia kambi ya MONUSCO. Siku ile ile Rais Tshisekedi alikusanya baraza la usalama, na ikaamuliwa jeshi lifanye kazi pamoja na MONUSCO. Hasira ilisikika, ndiyo. Lakini ofisi iliyoungua ni mali ya raia wenyewe, na swali la nani alilala kazini lilibaki bila jibu.

Kuuliza kwa amani nako kuna bei. Mei 2020, polisi alimpiga risasi na kumuua mwanaharakati wa LUCHA katika maandamano Beni. Wenzake walidai kesi, na polisi huyo akahukumiwa kifungo cha maisha. Aprili 2021, wanafunzi walilala siku nyingi kwenye ofisi ya meya wakitaka Rais aje, polisi wakawafukuza. Juni Rais alifika, lakini utawala wa kijeshi ulikuwa umeshaanza tangu tarehe 6 Mei, na raia wakawa wanahukumiwa na korti za kijeshi. Wanaharakati 12 waliokamatwa Beni Novemba 2021 katika maandamano walipewa mwaka mmoja wa kifungo.

Kwa hiyo raia afanye nini? Katiba ya 18 Februari 2006 inampa njia. Kifungu cha 52 kinasema Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. Kifungu cha 26 kinaruhusu maandamano, mradi wakubwa wajulishwe kwa maandishi. Kifungu cha 27 kinaruhusu mtu mmoja au wengi kuandikia serkali ombi, na serkali inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kifungu cha 138 kinawapa wabunge nguvu ya kuuliza waziri na kuunda tume ya uchunguzi. Mbunge aliyekuja kuomba kura Lusangi anaweza kuombwa naye afungue kinywa Kinshasa.

Lakini ombi linahitaji ushahidi. Siku shambulio linapotokea, kijiji kiandike: majina ya waliokufa na waliotekwa, saa wauaji walipofika, nani alipigiwa simu, askari walifika saa ngapi. Karatasi hiyo itiwe sahihi na watu wengi ili asibebeshwe mtu mmoja hatari yote. Kopi moja ibaki kijijini, nyingine iende kwa msimamizi wa wilaya, nyingine kwa mbunge. Tarehe ya kupokelewa iandikwe juu yake. Miezi mitatu ikipita bila jibu, kijiji kirudi kuuliza, na karatasi mkononi.